Roketi za Ncha za Dunia na Anga la Juu la Songwe

Leseni ya mchimbaji mdogo wa dhahabu haifuati mti wala kijito. Kila kona ya eneo lake imeandikwa kwa namba za latitudo na longitudo, na katika kata ya Mbangala, wilayani Songwe, duara moja, yaani shimo la kuchimbia, likisogelea la jirani, swali la nani kaingia kwa nani huamuliwa kwa GPS. Mtu husimama juani na kifaa mkononi, husoma namba, na huziamini. Namba hizo zimetokana na mawimbi ya setilaiti zilizo juu ya ardhi kwa kilomita 20,000 hivi, na kabla ya kumfikia yamepenya tabaka la hewa lililojaa umeme, ambalo elektroni zake ni nyingi kuliko kwingine kote kwenye kimo cha kilomita 300 au zaidi kidogo. Elektroni hizo huyachelewesha. Katika mwaka ambao jua limechachamaa, ucheleweshaji wa alasiri moja ukigeuzwa kuwa umbali unaweza kufika mita 15 kwa setilaiti iliyo utosini, na zaidi ya mara mbili ya hapo kwa setilaiti iliyo karibu na upeo wa macho. Kifaa cha kawaida cha mkononi hujisahihisha kwa kanuni ya hesabu inayotangazwa na setilaiti zenyewe, na kanuni hiyo huondoa takribani nusu ya kosa. Sehemu ya linalobaki humezwa na hesabu ya saa ya kifaa. Sehemu nyingine hubaki pale chini, mita kadhaa za mwamba ambazo watu wawili wanaweza kuzigombania.

Mbangala haijaonewa peke yake. Tanzania nzima iko chini ya eneo ambalo elektroni za anga la juu hulundikana kuliko karibu kila mahali duniani, na sababu yake nitaieleza mbele. Ninachotaka kuchambua ni jinsi binadamu alivyolifahamu tabaka hilo, kwa nini sehemu kubwa ya alichokipima kwa mkono wake alikipima kwenye ncha za dunia, na kwa nini anga la juu la Afrika Mashariki, lililokuwa na kituo chake cha kurushia roketi tangu 1964, limebaki halijaguswa sawasawa.

Tuanze na ugumu wenyewe. Maputo ya hali ya hewa, kama yanayorushwa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, hupasuka kwenye kimo cha kilomita 30 hivi, na hata maputo makubwa ya utafiti kwa kawaida hayapiti sana kilomita 40. Setilaiti nayo ikishuka chini ya kilomita 200 haikai. Msuguano wa hewa huiangusha kwa siku au wiki chache. Katikati ya vimo hivyo viwili kuna zaidi ya kilomita 150 za hewa ambazo puto halifiki na setilaiti haidumu. Rada na miale ya leza hulitazama tabaka hilo kutoka ardhini, na setilaiti hulitazama kutoka juu. Lakini kuingia ndani yake, kuichukua hewa yenyewe na kuhesabu chembe zake, kunahitaji chombo kinachopita humo, nacho ni roketi ya uchunguzi: roketi ndogo isiyokwenda kuizunguka dunia, ambayo hupanda, hupima kwa dakika 5 hadi 20, kisha huanguka baharini au nyikani. Kwa sababu hupanda karibu wima, huleta picha ya anga tabaka kwa tabaka, kilomita moja baada ya nyingine, jambo ambalo setilaiti inayokimbia kwa upande haiwezi. Tena roketi husubiri. Wanasayansi huiweka tayari mahali pake pa kurushia usiku kucha, wakitazama mbingu, na huiwasha pale tu wanachokitafuta kinapotokea.

Kule kaskazini walichokuwa wakikisubiri ni aurora, ile mianga ya kijani na nyekundu inayocheza angani usiku. Dunia ni sumaku kubwa, na mistari ya nguvu yake hulala sambamba na ardhi karibu na ikweta, kisha husimama wima inapokaribia ncha. Chembe za umeme zinazotokana na jua haziwezi kuivuka mistari hiyo kirahisi, huifuata. Kwa hiyo ncha za dunia ndiyo milango ambayo nguvu ya jua huingilia hewani moja kwa moja, na aliyetaka kuuona mlango huo ilimbidi aende kwenye baridi.

Mmarekani James Van Allen alikuwa miongoni mwa wa kwanza. Kuanzia 1952 yeye na wenzake walipakia roketi ndogo kwenye meli, wakazining'iniza chini ya maputo, wakaziwasha zikiwa tayari zimeinuliwa juu ya hewa nzito. Mwaka 1953, kaskazini mwa Atlantiki, roketi zao zilikutana na mnururisho usiotarajiwa kwenye ukanda wa aurora. Ulikuja kufahamika kuwa alama ya elektroni zinazoporomoka kutoka juu. Kisha ukaja Mwaka wa Kimataifa wa Jiofizikia, kuanzia Julai 1957 hadi Desemba 1958, uliozikutanisha nchi nyingi katika kuichunguza dunia kwa wakati mmoja. Kanada na Marekani zilirusha roketi kutoka Fort Churchill, ufukoni mwa Ghuba ya Hudson, na Februari 1958 mwanafizikia Carl McIlwain alipitisha vyombo vyake ndani ya aurora yenyewe. Alikuta elektroni nyingi mno zenye nishati inayokaribiana, jambo ambalo mnyunyizo wa kubahatisha usingelifanya. Kuna kitu kilichokuwa kikizisukuma kabla hazijafika. Tangu hapo, kukitafuta kisukuma hicho kumekula miongo ya utafiti na roketi nyingi.

Vituo vikaongezeka haraka. Norway ilirusha roketi yake ya kwanza kutoka Andøya tarehe 18 Agosti 1962. Esrange, karibu na Kiruna nchini Sweden, ilianza kazi 1966. Chuo Kikuu cha Alaska kilifungua Poker Flat mwishoni mwa miaka ya 1960, na Wajapani wakarusha za kwao kutoka kituo cha Syowa huko Antaktika katika miaka ya 1970. Fort Churchill peke yake ilirusha zaidi ya roketi 3,500 kabla ya kufungwa. Mnamo 1997 Norway iliongeza kituo cha Ny-Ålesund, visiwani Svalbard, ambako wakati wa mchana wa majira ya baridi ule mlango wa nguvu ya jua hupita karibu utosini. Kazi hii haikukosa hatari zake. Tarehe 25 Januari 1995 roketi ya uchunguzi wa aurora iliyorushwa kutoka Andøya ilionekana kwenye rada za Urusi kama kombora. Norway ilikuwa imetoa taarifa mapema, lakini taarifa haikuwafikia walinzi wa rada, na Rais Boris Yeltsin akafunguliwa mkoba wa silaha za nyuklia. Roketi ikaanguka baharini karibu na Svalbard kama ilivyopangwa.

Katika yote yaliyopatikana huko, mawili yananigusa kama mtu wa mkoa wa Songwe, kwa sababu hayahusu ncha peke yake.

La kwanza ni mawingu. Katika majira ya joto, nchi za kaskazini huona mawingu ya rangi ya fedha na buluu yanayong'aa usiku, yakiwa kwenye kimo cha kilomita 83 hivi, juu kabisa ya mawingu ya mvua. Agosti 1962, kutoka Kronogård nchini Sweden, watafiti wa Sweden na Marekani walirusha roketi zenye visanduku vilivyofunguka ndani ya mawingu hayo na kufungwa tena, zikarudi na chembe ndogo sana zilizokuwa zimezungukwa na barafu. Roketi nyingine zilizokuwa zikilipua mabomu madogo njiani, ili wapima sauti walio chini wajue joto la hewa kwa mwendo wa sauti hiyo, zilionyesha kwamba pale juu, katikati ya kiangazi cha ncha, kuna baridi ya karibu nyuzi 140 za selsiasi chini ya sifuri. Hakuna mahali pengine pa asili duniani penye baridi kama hiyo. Juu ya Songwe, kimo kilekile kina baridi ya nyuzi 80 au 90 chini ya sifuri.

Ajabu ni kwamba pale ncha inapopata jua saa 24, ndipo hewa yake ya juu inapoganda zaidi. Maelezo yake ni mwendo wa hewa. Kwenye ncha yenye kiangazi hewa huinuliwa, hutanuka, hupoa. Kisha husafiri juu ya tropiki hadi ncha yenye majira ya baridi, ambako hushuka na kupata joto. Kinachouendesha mwendo huo ni mawimbi ya hewa yanayozaliwa chini, kwenye milima na kwenye mawingu ya radi, yakapanda yakikua hadi yanapovunjika kwenye kimo cha kilomita 60 hadi 100. Mvua za radi za bonde la Kongo na za Ziwa Viktoria ni miongoni mwa zilizo kali kuliko zote duniani. Kwa hiyo anayeipima baridi ya Sweden anapima pia, bila kujua ni kwa kiasi gani, kazi ya mvua zetu, na ningependa siku moja kiasi hicho kijulikane.

Na ile chembe iliyozungukwa na barafu ilikuwa imetoka wapi? Kwenye vimondo. Kila siku makumi ya tani za vumbi la angani huingia kwenye hewa ya dunia, huungua kwenye kimo cha kilomita 80 hadi 110, na huacha tabaka za atomi za sodiamu na chuma ambazo roketi na leza huzipima. Atomi hizo hushikamana na kuwa moshi mwepesi sana, na moshi huo ndio mbegu ya barafu ya mawingu ya usiku. Huku Songwe tunalo jiwe linaloifanya habari hii ishikike kwa kiganja. Kimondo cha Mbozi kimelala kijijini Ndolezi, kwenye mteremko wa kilima cha Marengi: urefu wa mita 3 hivi, uzito unaokadiriwa kuwa tani 12 au zaidi, karibu chote chuma, na nikeli kiasi. Wanafunzi hupelekwa kukiona, wakaambiwa kimetoka angani, wakapiga picha. Naona wangeambiwa na jambo moja zaidi: kwamba kwa kila kimondo kama hiki kilichofika chini, viko visivyohesabika vilivyoishia njiani kama vumbi, na vumbi lao lingali juu yetu, likichukuliwa na upepo hadi ncha, ambako roketi za watu wengine hulikusanya.

La pili ni la juzi tu. Tarehe 11 Mei 2022 roketi iliyoitwa Endurance ilipaa kutoka Ny-Ålesund hadi kilomita 768, ikitafuta uga dhaifu wa umeme ambao wananadharia walikuwa wameutabiri kwa zaidi ya miaka 60 bila mtu kuupima. Elektroni ni nyepesi na hutaka kupanda. Ayoni ni nzito na hutaka kushuka. Kwa kuwa zinavutana, kati yake huzaliwa umeme unaozizuia zisiachane. Matokeo yalichapishwa Agosti 2024: katika mamia ya kilomita roketi iliyopita, tofauti ilikuwa volti 0.55, pungufu ya nusu ya betri ya saa. Kiasi hicho kidogo kinatosha kuisukuma ayoni ya haidrojeni kwenda juu kwa nguvu mara 10 ya uzito wake, na hivyo kueleza kwa nini hewa ya dunia huvuja polepole kwenye ncha. Glyn Collinson, aliyeongoza utafiti huo, na wenzake waliupima pale kwa sababu pale mistari ya sumaku iko wazi na vyombo vingeweza kuuona. Lakini uga wenyewe umeizunguka dunia yote. Ndio unaosaidia kuishikilia juu ile hewa yenye umeme inayoyachelewesha mawimbi ya GPS juu ya Mbangala.

Ni ufahamu mkubwa, na waliouleta walikesha kwenye barafu kuupata. Hata hivyo hauwezi kutumika kwetu kwa kuhamishwa tu, kwa sababu umeme wa anga la ikweta una tabia yake.

Ikweta ya sumaku haifuati ikweta ya ramani. Upande wetu wa Afrika imepanda kaskazini na kupita Ethiopia, karibu na Addis Ababa, ambako kuna kituo cha jiofizikia tangu ule mwaka wa kimataifa. Chini yake, kwenye kimo cha kilomita 105 hivi, mto mwembamba wa umeme hutiririka kutoka magharibi kwenda mashariki kila mchana. Hewa yenye umeme iliyo juu zaidi nayo huinuliwa na nguvu za umeme na sumaku zikifanya kazi pamoja, hupanda mamia ya kilomita, kisha huteremka kwa kufuata mistari ya sumaku na kujimwaga pande mbili, kaskazini na kusini, yapata nyuzi 15 kutoka ikweta hiyo. Upande wa kusini hujimwaga juu ya Kenya ya kusini na Tanzania. Ndiyo maana nimesema elektroni hulundikana juu yetu: zimechotwa kwenye anga la Ethiopia, zikamwagwa huku.

Jua likizama mambo hubadilika tena. Tabaka la chini la ionosfia, yaani la hewa hii yenye umeme, hufifia kwa dakika chache, na ndiyo sababu redio ya masafa ya kati iliyokuwa kimya mchana huanza kuleta stesheni za mbali usiku. BBC ilipoanza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1957, mwaka uleule Fort Churchill ilipokuwa ikifyatua roketi za ule mradi wa kimataifa, sauti ile ya masafa mafupi ilifika vijijini kwa kudunda kwenye hewa ambayo hakuna chombo kilichokuwa kimewahi kuigusa juu yetu. Lakini juu zaidi, tabaka zito hubaki limekaa juu ya tabaka jepesi, hali isiyotulia. Kati ya saa moja jioni na saa sita usiku, hasa Machi na Aprili, na tena Septemba na Oktoba, hewa nyepesi huchomoza kama mapovu kupitia hewa nzito, na mawimbi ya setilaiti yanayopita kwenye mapovu hayo hutikisika hadi vipokezi hata vya kisasa huyapoteza. Setilaiti ya Marekani iitwayo C/NOFS, iliyorushwa Aprili 2008 kwa ajili ya mapovu haya, ilionyesha kwamba Afrika huyapata mara nyingi kuliko mabara mengine na katika miezi ambayo kwingine hutulia. Sababu bado inabishaniwa. Roketi zimepita ndani ya mapovu kutoka Peru, Brazili, India na Kwajalein katika Pasifiki. Yaani bara lenye mapovu mengi zaidi ndilo lililopimwa kidogo zaidi.

Hapo ndipo Malindi, pwani ya Kenya, inapoingia, na hapo ndipo uchungu wangu ulipo.

Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma alitaka kurusha setilaiti, akatafuta pwani ya ikweta ambayo roketi ingeondokea kuelekea mashariki juu ya bahari tupu na kusaidiwa na mzunguko wa dunia. Aliipata kwenye Ghuba ya Ungwana, kaskazini mwa Malindi. Italia na Marekani zilikubaliana mwaka 1962, majukwaa ya chuma yakasimamishwa baharini na kuitwa San Marco na Santa Rita, na Machi 1964, Kenya ikiwa na miezi mitatu ya uhuru, roketi za uchunguzi aina ya Nike-Apache zilianza kuruka kutoka pale. Tarehe 26 Aprili 1967 ilifuata San Marco 2, setilaiti ya kwanza duniani kurushwa kutoka jukwaa la baharini kwenye ikweta. Ilibeba chombo alichokibuni Broglio mwenyewe: ganda jepesi la nje limeunganishwa na kiini kizito cha ndani kwa mikono inayonyumbuka, hewa ikilisukuma ganda, mikono hupinda, na kupinda huko ndiko kipimo cha uzito wa hewa. Hewa ile ile iliyokuja kupimwa iliiangusha setilaiti Oktoba mwaka huo. San Marco nyingine zilifuata 1971, 1974 na 1988, zikatoa vipimo vya kwanza vya aina yake vya hewa ya juu ya ikweta, ambavyo bila hivyo makadirio ya anguko la setilaiti yangebaki ya kubahatisha.

Kwa jumla setilaiti 9 ziliondoka Ungwana kati ya 1967 na 1988. Iliyovuma zaidi ni Uhuru, iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikisherehekea miaka saba ya uhuru, na iliyochora ramani ya kwanza ya mbingu kwa miale ya X; kazi hiyo ilichangia mwanasayansi Riccardo Giacconi kupewa Nobeli mwaka 2002. Jina lilikuwa la Kiswahili. Maswali, vyombo na takwimu vilikuwa vya Roma na Washington. Tangu 1988 hakuna setilaiti iliyoondoka pale. Kituo kimebaki kufuatilia setilaiti za wengine na kupokea takwimu zao.

Linganisha na Thumba, kijiji cha wavuvi huko Kerala. Tarehe 21 Novemba 1963, miezi minne tu kabla ya Malindi, India ilirusha Nike-Apache, roketi ya aina ileile iliyotoka Marekani vilevile, ikimwaga mvuke wa sodiamu ili upepo wa juu uonekane kwa macho. Mwanasayansi wa Kihindi Vikram Sarabhai aliichagua Thumba kwa sababu ikweta ya sumaku inapita hapo, akitaka kuupima ule mto wa umeme. Vijana waliokusanya vipuri vya roketi ndani ya kanisa la kijijini, A.P.J. Abdul Kalam akiwa mmoja wao, baadaye waliunda za kwao. Roketi zilikuwa sawa na bahari ni ileile ya Hindi. Waliotofautiana ni wenye swali: Thumba swali lilikuwa la Wahindi wenyewe kuhusu anga lililo juu yao, Ungwana lilikuwa la mgeni. Sisemi Broglio alikosea. Alifanya kazi ya ajabu kwa nyenzo haba, na hewa ya ikweta ilikuwa ndiyo hasa iliyomvutia. Nasema hakukuwa na chuo cha Nairobi, Kampala wala Dar es Salaam kilichokaa mezani kikiwa na orodha ya yale kinachotaka yapimwe.

Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika mambo yalikuwa mabaya zaidi. Kampuni ya Kijerumani OTRAG ilikodishiwa na Rais Mobutu wa Zaire, Kongo ya leo, eneo la takribani kilomita za mraba 100,000 huko Shaba, ikafyatua roketi tatu za majaribio mwaka 1977 na 1978, ya mwisho ikaanguka Mobutu akitazama. Majirani waliingiwa na hofu ya makombora, Moscow ikalalamika, na 1979 kampuni ikafukuzwa. Sayansi ya anga haikupata chochote.

Mtu anaweza kuuliza kama haya yana haja leo. Vifaa vipya vya GPS, hata baadhi ya simu, hupokea masafa mawili na kuweza kuufuta ucheleweshaji kwa hesabu. Ni kweli, na mpimaji ardhi mwenye kifaa hicho atapata kona yake vizuri mchana. Mapovu ya usiku hayafutiki kwa njia hiyo. Na kuna jambo kubwa kuliko GPS. Dhoruba ya jua inapopiga, nguvu huingilia ncha, huipasha hewa yake joto, na mawimbi ya mtikisiko husafiri hadi ikweta kwa saa chache. Umeme wa ncha hufika kwetu haraka zaidi, ukigeuza ule mwinuko wa hewa uwe mkubwa kupita kiasi au ukome kabisa. Tarehe 3 Februari 2022 kampuni ya SpaceX ilirusha setilaiti 49 za Starlink. Dhoruba ambayo haikuwa hata kali ikaifanya hewa ya juu iwe nzito kuliko ilivyotarajiwa, na zipatazo 40 zikaanguka. Anayeiona hewa ya ncha tu ameona dhoruba ikiingia. Hajaona inavyoishia.

Mahali pa kuanzia ni chini. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dodoma wamekwisha kutumia vipokezi vya GPS vilivyosambaa Afrika Mashariki kuhesabu elektroni zilizo juu yetu, na Chuo Kikuu cha Mbarara nchini Uganda kimefanya kazi kama hiyo kwa miaka. Vipokezi vinagharimu kidogo ukilinganisha na roketi, na Songwe ni mahali pazuri pa kuviweka, kwa kuwa kilima cha elektroni huanza kuteremka upande huu na mteremko ndio unaosema kilima kina umbo gani. Ionosonda, yaani rada ndogo inayopiga mawimbi kwenda juu na kusikiliza yanaporudi, ingeongeza kimo. Baada ya hapo roketi huwa na kazi, maana roketi bila vituo vya chini hupima dakika kumi za anga lisilojulikana lilikuwaje kabla na baada yake. Kituo cha Ungwana kipo, Kenya ina shirika lake la anga tangu 2017 na ilirusha Taifa-1 Aprili 2023 kwa roketi ya Marekani, na mkataba mpya na Italia uliosainiwa 2016 umeweka nafasi ya mafunzo na kugawana takwimu. Ningependa Tanzania na Uganda ziombe kuingia humo kwa pamoja, zikiwa na maswali ya kwao yaliyoandikwa.

Swali la kwanza lina tarehe. Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipatwa kipete kusini mwa Tanzania, na watu wakamiminika Rujewa, wilayani Mbarali, kulitazama. Kivuli cha mwezi kinapopita, ionosfia hukatiwa chakula chake katikati ya mchana. Elektroni hupungua kwa dakika, hewa hupoa, na mawimbi husambaa kutoka kwenye kivuli. India ilirusha roketi zake katika kupatwa kwa tarehe 15 Januari 2010, kivuli kilipovuka kutoka Uganda na Kenya hadi kwao. Marekani ilirusha tatu kutoka White Sands tarehe 14 Oktoba 2023, moja kabla, moja katikati, moja baada, kisha ikarudia kutoka Wallops tarehe 8 Aprili 2024. Rujewa hapakuwa na roketi. Tarehe 21 Mei 2031, asubuhi, jua litapatwa kipete tena: Angola, Kongo, Zambia, Tanzania, kisha kivuli kitavuka Bahari ya Hindi hadi India kusini, na Malindi itaona sehemu kubwa ya jua ikizibwa. Vyombo vya roketi ya uchunguzi huchukua miaka miwili au mitatu kubuniwa, kutengenezwa na kujaribiwa. Vipokezi vya chini vinahitaji angalau miaka miwili ya kupima siku za kawaida kabla ya kivuli kufika. Ukihesabu kurudi nyuma kutoka Mei 2031, maombi ya fedha inabidi yawe mezani kabla ya 2028.